Dawa ya nywele, nyumbani au saluni? Kwanza niambie nani anaangalia saa

Tuseme leo ni Ijumaa. Jumapili una harusi Takaungu, au Jumatatu umeitwa mahojiano ya kazi kwenye hoteli moja ya ufuo wa Bofa, na nywele zimechipuka mpaka kitana kinagoma nusu ya njia. Pale mjini Kilifi duka la vipodozi lina boksi lenye picha ya mwanamke anayecheka huku nywele zikimpepea. Nyumbani kuna binamu yako ambaye tayari ameshasema, "Lete nikupake, kwani ni kazi gani hiyo?" Upande wa pili kuna saluni, na foleni yake, na bei yake, na yule dada wa kuosha ambaye kucha zake unazijua vizuri. Uende wapi?

Swali hili naulizwa sana na wasichana wa rika letu, na karibu wote huliuliza kama swali la pesa. Boksi ni bei hii, saluni ni bei ile, tofauti ni nauli ya boda kwa wiki nzima. Nakuelewa. Lakini hebu weka kibeti chini kidogo tuongee, maana pesa si jambo la kwanza hapa. Hata la pili sidhani kama ni pesa.

Na kabla hujanishuku: ndiyo, mimi naweka dawa. Sikuja kukuhubiria uache nywele zako kama ulivyozaliwa nazo. Wanaofanya hivyo nawaheshimu, wengine ni mabeshte wangu, na nimeona pia wanavyonunua mafuta ya bei ambayo hata ya kupikia hayafiki. Kila mtu abebe kichwa chake. Ninachotaka mimi ni ujue unachokibeba.

Chuo niliacha, kwa hivyo usitarajie nichore fomula hapa, lakini kemia ya kidato cha nne inatosha. Ngozi yako iko karibu na 5.5 kwa kipimo cha pH. Maji safi ni 7. Dawa ya kulainisha nywele huwa kati ya 12 na 14. Na kipimo hicho hakipandi moja moja kama ngazi za ghorofa, kila hatua ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Dawa nyingi za saluni zina sodiamu haidroksaidi, yaani ile ile kostiki ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Katika filamu yake Good Hair ya mwaka 2009, Chris Rock alimtembelea mwanakemia akaonyeshwa kopo la soda la alumini likiliwa na kemikali hiyo. Maboksi ya nyumbani mara nyingi yameandikwa kwamba hayana sodiamu hiyo, na watu wakisoma hapo wanashusha pumzi. Usishushe. Ndani yake kuna krimu ya kalsiamu haidroksaidi na kichupa cha pili cha guanidini, na ukivichanganya unapata kitu cha ukali ule ule wa juu, ila kwa wengi hakichomi ngozi haraka. Kutochoma haraka si kutochoma.

Kazi yake ni moja. Unywele una vifungo vya salfa ndani, hivyo ndivyo vinavyoupa msokoto wake. Dawa inavivunja, na vikishavunjika havirudi. Ndiyo maana nywele zilizotiwa dawa hazijisokoti tena hata uzitumbukize Bahari Hindi kutwa nzima, lazima ungoje mpya ziote. Sasa sikiliza: dawa haina akili ya kujua imeshamaliza. Ikishanyoosha unywele inaendelea kuula, ikimaliza hapo inashuka kwa ngozi. Wa kuisimamisha ni mtu mwenye saa na maji. Basi. Ndiyo maana mimi ukiniuliza nyumbani au saluni, nakuuliza nani anaangalia saa na maji yako wapi.

Tuanze nyumbani.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na sidhani walikuwa wanafanya utani. Jaribu sasa hivi: nyanyua mikono yote miwili, igusishe kisogo, ikae hapo dakika kumi. Mabega yanalia, sivyo? Sasa ongeza glavu zinazoteleza, krimu inayodondoka, na kioo kinachokuonyesha uso tu. Unapojipaka mwenyewe utaanzia mbele, kwa sababu mbele ndiko unakoona. Na mbele, kwenye kipaji na masikioni, ndiko nywele ni nyembamba na laini kuliko kote kichwani. Msusi anayejua kazi huanzia kisogoni au utosini ambako nywele ni ngumu, kipaji anakigusa mwisho kabisa. Wewe umegeuza. Ukifika kisogoni umechoka, muda unakwenda, mbele kumeiva kupita kiasi na nyuma bado mbichi. Halafu miezi sita baadaye unauliza mbona kipaji kinapanda kama cha babu. Unasingizia rasta za kubana. Rasta zina makosa yake, lakini hili hazikulifanya peke yake.

Kosa la pili la nyumbani ni kuipitisha dawa mpaka kwenye ncha. Nywele huota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hivyo baada ya miezi miwili kilicho kibichi ni vidole viwili tu kutoka kwenye ngozi. Zilizobaki zilishapikwa. Kuzipaka tena ni kama kurudisha wali uliokwisha iva jikoni: utapata uji. Kupaka kwenye vidole viwili hivyo tu, kichwa kizima, bila kugusa za zamani, ni kazi ya macho mawili yaliyo juu ya kichwa chako. Yako hayako huko.

Basi, binamu je? Binamu ni afadhali, kama ana mkono mwepesi na hana simu mkononi. Binamu ana kitu kimoja ambacho saluni nyingi hazina: kichwa chako ndicho kichwa pekee alichonacho siku hiyo. Hilo nalihesabu sana.

Lakini maji, dada yangu. Huku kwetu hili ndilo la kuamua. Maji ya Kilifi na Malindi yanatoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na wewe na mimi tunajua mfereji unavyoweza kukohoa hewa tu siku mbili tatu. Yakikatika tunarudi kwenye kisima na mitungi ya mkokoteni, na maji ya visima vingi vya ukanda huu ukiyaonja unajua bahari iko karibu. Dawa haitolewi kwa jagi moja. Unahitaji maji mengi ya kumimina mpaka krimu yote iondoke, kisha shampuu ile maalum ya kuizima dawa, uoshe mara mbili tatu, na zile ambazo povu lake hubadilika rangi dawa ikiwepo unaosha mpaka povu litoke jeupe. Kwa hivyo kabla hujafungua boksi, fungua mfereji. Kama hautoki kitu, funga boksi. Na ile dawa ya kalsiamu, ikikutana na maji magumu ya kisima wiki baada ya wiki, inaacha unga unga kwenye nywele, zinakuwa kavu na zimefifia kama majani ya makuti. Watu wanalaumu kampuni ilhali shida nusu iko kwenye ndoo.

Sabuni ya kipande si badala ya shampuu ile. Niliwahi kumsikia mtu akishauri hivyo na nikatamani kumnyang'anya simu.

Haya, saluni.

Saluni nzuri ina beseni la kuoshea lenye shingo, ina tangi, ina msusi ambaye amepaka vichwa mia na anajua kwa kugusa tu kwamba nywele zako ni nyepesi, zisikae dakika ishirini, zikae kumi na mbili. Ujuzi huo hauuzwi kwenye boksi. Ukiupata ushikilie.

Shida ni Jumamosi. Jumamosi saluni yoyote kati ya hapa Bofa na stendi ya Kilifi, msusi mmoja ana vichwa vitatu. Wa kwanza anapakwa, wa pili yuko chini ya draya, wa tatu ananong'ona "inaanza kuchoma." Naye anajibiwa lile jibu letu la taifa: "Vumilia kidogo, haijashika." Na kama kuna mama mtu mzima amekaa pembeni atamalizia kwa methali: ukitaka uzuri sharti udhurike.

Hii methali naipinga hadharani, na wazee wanisamehe. Kuchoma si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Dawa inafanya kazi kwenye unywele, na unywele hauna hisia. Ukisikia moto, ngozi ndiyo inayopakuliwa. Hakuna dakika tano za ziada za kuvumilia. Ukisema inachoma, inatolewa, hata kama nywele hazijanyooka, hata kama Jumapili ni harusi. Nywele zilizonyooka nusu unaweza kuzifunga kilemba. Kigaga cha ngozi ya kichwa hakifungiki.

Rafiki yangu mmoja, tumwite tu rafiki yangu, alikaa kwenye kiti cha saluni fulani akisema inachoma mara tatu. Msusi alikuwa ametoka nje kupokea chakula. Jioni alikuwa na malengelenge nyuma ya sikio na mto wake ulikuwa na majimaji kwa siku nne. Aliporudi kulalamika aliambiwa, "Wewe ulikuja umejikuna." Sasa, ukweli ni kwamba alikuwa amefumua rasta asubuhi ile ile, akakuna kichwa kwa raha zote tunazozijua, akaosha, ndipo akaenda. Ngozi ilikuwa wazi tayari. Lakini nani alipaswa kumuuliza? Msusi. Swali moja tu: umefumua lini? Kama ni leo, rudi baada ya wiki moja au mbili. Saluni isiyokuuliza hivyo, na isiyokagua ngozi yako kabla ya kupaka mafuta ya mgando kwenye kingo na masikio, haijakupa cha zaidi ya alichokupa binamu. Imekuuzia kiti tu.

Na unajua tuna haki hapa? Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya huduma ya ubora wa kuridhisha, ya kupewa maelezo, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kulipwa fidia akiumia kwa huduma mbovu. Lakini nani kati yetu anabaki hata na ujumbe wa M-Pesa wenye jina la saluni? Tunalipa taslimu, tunaondoka tukipepea. Lipa kwa simu. Hiyo ndiyo risiti yako.

Jambo lingine la saluni ni lile kopo kubwa. Limefunguliwa lini? Limekaa karibu na dirisha kwenye joto hili la Machi kwa muda gani? Ndani kuna dawa iliyoandikwa kwenye kopo, ama ni mchanganyiko wa mabaki? Huwezi kujua. Ndiyo maana ushauri wangu huwakera watu wa pande zote mbili: nunua boksi lako mwenyewe, lililofungwa, halafu lipeleke saluni. Utamlipa msusi kazi ya mikono, maji na beseni. Baadhi ya saluni watakunja uso kwa sababu faida yao iko kwenye kopo. Saluni moja ikikataa nenda nyingine, ziko kama vibanda vya mahamri. Ukinunua, tafuta alama ya ubora ya KEBS. Ina namba chini yake, unaituma kwa ujumbe mfupi, SM# kisha namba, kwenda 20023, unajibiwa ni ya nani. Na iliyobaki baada ya kuchanganywa ile ya vichupa viwili usiihifadhi kwa ajili ya mdogo wako. Tupa.

Tena kuhusu huyo mdogo wako. Hapana. Mtoto wa miaka saba hana mahojiano ya kazi. Picha ya mtoto anayetabasamu kwenye boksi isikudanganye. Msuke matuta, msuke twende kilioni, mwache.

Sasa nifike kwenye lile ambalo halijali uko saluni au kibarazani. Oktoba 2022, watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 wa umri wa miaka 35 hadi 74 kwa karibu miaka 11. Kati yao 378 walipata saratani ya mfuko wa uzazi. Waliokuwa wametumia kemikali za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu kuliko wasiotumia. Kwa makadirio yao, kati ya wasiotumia kabisa, asilimia 1.64 watakuwa wamepata saratani hiyo wakifika miaka 70. Kwa watumiaji wa mara kwa mara ni asilimia 4.05. Isome vizuri. Haisemi ukipaka utaugua, na haikuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Wengi mno hawakuugua. Lakini huko Marekani maelfu ya kesi dhidi ya watengenezaji zimekusanywa katika mahakama moja Chicago, nao watengenezaji wanakanusha. Watafiti hao pia walitaja kitu ambacho msusi wa "vumilia" angefaa kukisikia: ngozi ya kichwa iliyoungua au kuchubuka inaweza kupitisha kemikali zaidi kuingia mwilini.

Mimi nilichukua kalamu. Ukiweka dawa kila wiki nane, hiyo ni mara sita au saba kwa mwaka. Ukisukuma mpaka miezi mitatu kamili, ni mara nne. Siwezi kukuahidi kwamba nne ni salama, hakuna aliyesema hivyo. Ninachojua ni kwamba boksi la bei nafuu lililo chini ya kitanda ndilo linalomfanya mtu aritachi kila akiona milimita mbili. Bei ya saluni, pamoja na uchungu wake wote, inakufunga breki. Hii ndiyo hoja ya pesa ninayoikubali mimi, na inakwenda kinyume na ile uliyokuja nayo.

Wengine watakuambia basi acha dawa, fanya keratini, ni laini, ni matibabu. Uliza kilichomo. Baadhi ya keratini zile zikipigwa pasi ya moto hutoa gesi ya fomaldehidi, ambayo IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, inaiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ukiona msusi amefungua madirisha yote na macho yanamtoka machozi, hayo si matibabu.

Na hapo ndipo nataka umwangalie huyo msusi mwenyewe. Mara nyingi ni msichana wa umri wetu. Wengine karo iliwaishia kidato cha pili, wengine walikaa chuo muhula mmoja kama sisi akina fulani, wakashika kitana kwa sababu kitana hakiulizi cheti. Wewe unakutana na dawa mara nne kwa mwaka. Yeye anakutana nayo mara nne kabla ya chakula cha mchana. Angalia vidole vyake: vimekauka, vimepasuka pembeni ya kucha, kwa sababu mwenye saluni alisema glavu ni gharama na shampuu inasafisha. Tunapobishana nyumbani au saluni, yeye hayumo kabisa kwenye hesabu. Serikali ina mtihani wa ufundi wa ususi chini ya NITA, na msusi anaweza kuufanya hata kama shule ilimshinda, apate karatasi inayosema anajua kazi. Mwenye saluni anayejiita bosi angewalipia wasusi wake mtihani huo kabla ya kununua televisheni ya ukutani.

Kama ni lazima iwe nyumbani, basi iwe watu wawili, siku yenye maji, dirisha wazi, saa ya simu imewekwa kabla ya kijiko cha kwanza, na jaribio la ushungi mmoja nyuma ya kichwa siku chache kabla. Ikiingia jichoni, usipanguse kwa kanga. Mimina maji safi, mengi, dakika kumi na tano na zaidi bila kusimama, kisha tuktuk mpaka hospitali ya kaunti. Dawa ya aina hii hupenya jicho haraka, na kungoja kesho uone kama litapoa ni kucheza na macho yako. Na baharini usiingie siku hiyo, najua ufuo unakuita.

Mimi chaguo langu ni saluni, siku ya kazi, asubuhi, kabla joto halijapanda na kabla msusi hajachoka. Naenda na boksi langu na pakiti ya glavu ya duka la dawa, jozi moja ni ya msusi na zinazobaki anabaki nazo. Saa naiweka mimi kwenye simu yangu, sauti juu. Kwa hivyo ukipita njia ya Bofa Jumanne saa mbili asubuhi ukaniona nimekaa wima kama niko mahakamani, nipungie mkono tu upite. Salamu tutapeana nikishaoshwa.